Fimbo ya Mbali

Wahenga walisema kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka. Maneno hayo ni machache, lakini yamebeba maarifa ya watu wengi walioishi kabla yetu. Waliona kuwa msaada usiofika kwa wakati si msaada, na kuwa mtu hawezi kuitegemea nguvu ambayo mkono wake hauigusi. Katika siku zao hapana aliyeweza kuyapinga maneno hayo, kwa maana urefu wa mkono ulikuwa ndio mpaka wa kazi. Leo mpaka huo umesogezwa mbali sana. Kijana aliyeketi chumbani mwake Nakuru aweza kuiamuru darubini iliyo katika milima ya Chile igeuke, ifumbue jicho lake na kulitazama kundi la nyota usiku kucha. Na asubuhi akaikuta picha imekwisha kufika, inamngoja. Fimbo ya mbali imemfikia nyoka. Swali linalotaka jibu sasa ni jingine: nyoka huyo ameuawa na nani?

Swali hili ni kubwa kuliko nyota. Humhusu kila mtu atumiaye mkono wa mwingine, au mashine, kufanya kazi ambayo baadaye huitia jina lake. Lakini katika upigaji wa picha za anga njia mbili, ya mkono na ya mbali, zimesimama bega kwa bega, na ni rahisi kuzilinganisha kwa haki. Kwa hiyo na tuanze huko.

Tuseme wanafunzi wawili wameleta picha katika maonyesho ya shule. Picha zote mbili ni za wingu moja, lililo katika kundi la nyota liitwalo Jabari, ambalo watu wa Ulaya huliita Orion. Wingu hilo ni gesi na vumbi ambamo nyota changa huzaliwa, na nuru yake husafiri kwa miaka 1,300 hivi kabla ya kutufikia. Kwa jicho tupu huonekana kama doa la ukungu kando ya nyota tatu zilizojipanga mstari.

Mwanafunzi wa kwanza alikwenda mbali na taa za mji, amebeba kamera na kitako chenye mota. Kitako hicho hakikuwa cha anasa. Dunia huzunguka, na kwa ajili hiyo nyota huonekana kuhama nyuzi 15 kila saa. Kamera iliyosimama tuli huchora mistari mahali pa nukta. Hapana budi kitako kizunguke kwa mwendo ule ule wa anga, na mhimili wake uelekezwe barabara kwenye ncha ya anga. Watu wa nchi za kaskazini husaidiwa na Nyota ya Kaskazini. Sisi tulio karibu na ikweta twaikosa, kwa kuwa iko upeoni kabisa, ambako vilima na ukungu huificha. Hapa kwetu mhimili hulala karibu sambamba na ardhi, na kuuelekeza kwataka kukisia, kujaribu, kukosea na kusahihisha. Usiku wa kwanza nyota zake zilitoka ndefu kama punje za mchele. Usiku wa pili umande ulifunika lenzi. Usiku wa tatu mawingu yalikuja mapema. Usiku wa nne alipata picha 100 fupi, akazijumlisha kuwa moja.

Mwanafunzi wa pili alilipia saa chache za darubini iliyo katika nchi kavu, juu ya mlima, ambako mawingu ni haba na giza ni la kweli. Alichagua kitu, saa na vichujio vya rangi, akaandika maagizo yake katika tarakilishi, akalala usingizi wa raha. Picha yake ni safi na kali. Picha ya mwenzake, ikiwekwa kando yake, yaonekana kama imechukuliwa kupitia dirisha lenye vumbi. Chini ya kila picha imeandikwa: Nimepiga mimi. Mwalimu anayo zawadi moja. Ampe nani?

Hukumu mbili hutokea upesi mdomoni. Ya kwanza hutazama jasho: zawadi ni ya aliyekesha, kwa kuwa mwingine alilala. Ya pili hutazama tunda: zawadi ni ya picha iliyo bora, kwa kuwa mtazamaji haoni jasho ukutani, huona picha. Kila moja ya hukumu hizi ina sehemu ya kweli, na kila moja hupotea ikiachwa iende peke yake. Na tuzipime kwa maisha ya watu waliokuwapo.

Upande wa mkono una shahidi mwenye heshima kuu. Edward Emerson Barnard alizaliwa mwaka 1857 mjini Nashville, Marekani, katika umaskini, na baba yake alikuwa amekwisha kufa. Alipokuwa na umri wa miaka tisa hivi alipelekwa kufanya kazi kwa mpiga picha. Juu ya paa la nyumba hiyo palikuwa na chombo kikubwa cha kukuzia picha kwa nuru ya jua, na kazi ya mtoto ilikuwa kukigeuza kwa mkono, polepole, mchana kutwa, ili kisiache kulielekea jua. Wengine walisinzia katika kazi hiyo, yeye hakusinzia. Mtoto huyo alipokuwa mtu mzima aliingia katika kituo cha Lick, kule California, na kuanzia mwaka 1889 alipiga picha za Njia ya Maziwa ambazo mfano wake haukuwa umeonekana. Aliweka jicho lake kwenye darubini ndogo ya kuongozea, akaishika nyota moja katikati ya nyuzi mbili zilizokatana, na kwa saa nyingi katika baridi akaisahihisha mashine kila ilipokosea. Ilikuwa ni kazi ile ile ya utotoni; jua tu lilikuwa limebadilishwa likawa nyota.

Mkono huo ulimpa nini? Ulimpa picha, lakini ulimpa pia ujuzi wa picha. Katika sahani zake za kioo Barnard aliona sehemu nyeusi katikati ya nyota nyingi. Kwanza alidhani ni matundu, mahali pasipo na nyota. Baada ya miaka mingi ya kuzirudia alikubali kuwa aghalabu ni mawingu ya vumbi yazibayo nuru ya nyota zilizo nyuma yake, na mwaka 1919 alichapisha orodha ya sehemu hizo 182. Mtu aliyeongoza sahani zake mwenyewe alijua lipi ni kosa la kioo na lipi ni jambo la mbinguni. Kitabu chake cha picha za Njia ya Maziwa kilipotayarishwa, alikagua nakala moja moja kwa jicho lake, na nakala hizo zilizidi 35,000. Alikufa mwaka 1923, na kitabu kilitoka mwaka 1927. Hakukiona, lakini hapana ukurasa wa picha ndani yake ambao hakuweza kuujibia.

Mtu akisikia habari hizo ataelekea kumpa zawadi mwanafunzi wa kwanza mara moja. Lakini ngojea. Jasho peke yake si sifa. Mtu aweza kukesha usiku kumi akifanya kosa lile lile, na usiku wa kumi akajua kiasi kile alichojua usiku wa kwanza. Tena, mwanafunzi huyo hakusaga lenzi yake, wala hakuunda mota yake, wala hakutunga hesabu ambazo kwa hizo tarakilishi ilijumlisha picha 100. Tukisema kuwa kazi ni ya mtu ikiwa tu mikono yake iligusa kila sehemu yake, basi hapana mtu duniani mwenye kazi. Mshonaji hakufuma kitambaa, na mwashi hakuchoma tofali.

Upande wa mbali nao una shahidi wake, naye hapungui heshima. Henrietta Leavitt alifanya kazi katika kituo cha nyota cha Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kwa ujira uliofika senti 30 kwa saa. Kituo hicho kilikuwa na tawi Arequipa, nchini Peru, ambako darubini zilipiga picha za anga ya kusini kwenye sahani za kioo, na sahani hizo zikapakiwa melini kupelekwa Marekani. Leavitt aliketi mezani Cambridge, katika jimbo la Massachusetts, mbali na milima ile kwa maelfu ya kilomita. Mawingu ya Magellan, ambayo ni makundi makubwa ya nyota za kusini, hayapandi kamwe katika anga ya mji huo. Alikuwa akichunguza nyota ambazo, akisimama nje ya mlango wake, asingeweza kuziona hata moja.

Hata hivyo alizijua kuliko watu waliokuwa wakilala chini yake. Sahani baada ya sahani alipima mng'ao wa kila nyota kwa kuulinganisha na wa jirani zake, akitafuta zile zinazong'aa na kufifia kwa zamu. Mwaka 1908 alitangaza nyota 1,777 za namna hiyo katika Mawingu ya Magellan. Mwaka 1912, katika nyota 25 za Wingu Dogo, alionyesha kanuni: kadiri nyota ilivyo na mng'ao mkubwa, ndivyo ichukuavyo siku nyingi zaidi kumaliza zamu moja. Aliyejua siku za zamu aliweza sasa kuujua mng'ao wa asili, na aliyejua mng'ao wa asili aliweza kuukisia umbali. Oktoba 1923 Edwin Hubble aliona nyota ya aina hiyo katika Andromeda, kwa darubini ya mlima Wilson, na kwa kanuni ya Leavitt akaonyesha kuwa Andromeda haimo katika kundi letu la nyota, ila ni kundi lingine kubwa, mbali mno. Leo umbali huo huhesabiwa kuwa mwendo wa nuru wa miaka milioni 2.5. Fimbo ya mbali ilimuua nyoka mkubwa kuliko wote.

Basi umbali si kosa. Aliyekuwa karibu na darubini kule Arequipa hakuiona kanuni. Aliyekuwa mbali aliiona. Kama tungesema kuwa asiyegusa chombo hana kazi, tungemnyang'anya Leavitt haki yake. Na tungezidi kupotea katika siku zetu, ambapo vyombo vikuu havigusiki. Desemba 1995 darubini ya Hubble, izungukayo juu ya dunia, ilielekezwa kwa siku kumi mahali padogo palipodhaniwa kuwa patupu, ikachukua picha 342. Zilipojumlishwa palionekana makundi ya nyota yapatayo 3,000. Hapana jicho lililokesha penye lenzi. Walakini na tukumbuke kuwa darubini ile ile, iliyorushwa mwaka 1990, ilianza kazi ikiwa na kioo chenye kosa, na picha zake zilikuwa na ukungu mpaka Desemba 1993, wanaanga walipopanda kuitengeneza kwa mikono yao. Umbali na mkono si maadui. Kila kimoja humhitaji mwenzake.

Ikiwa jasho halitoshi kuwa kipimo, na tunda halitoshi, kipimo ni kipi? Naona kuwa kazi ni ya mtu kwa kadiri awezavyo kuijibia. Mwulize mwenye picha: Kwa nini nyota za pembeni zimerefuka? Kwa nini hapa ni pekundu na pale ni pa kijani na buluu? Kwa nini umejumlisha picha 100 wala si 4? Mwenye kazi atajibu. Atasema kuwa wekundu ni nuru ya hidrojeni na ile rangi nyingine ni ya oksijeni. Atasema kuwa picha 4 hupunguza chembechembe za ukungu kwa nusu tu, na kuwa ili zipungue mpaka sehemu moja ya kumi huhitajika picha 100. Akikosa jibu la jambo moja atakiri, na kesho atakwenda kulitafuta.

Katika ufundi huu kuna desturi moja ambayo kila mwanafunzi angefaa kuijua. Kamera zote zina kasoro: nukta zing'aazo pasipo nyota, na joto lizaalo chembechembe. Mpiga picha wa anga huufunika mdomo wa kamera, akapiga picha za giza tupu. Picha hizo hazionyeshi kitu ila kasoro za kamera yenyewe, naye huzitumia kuziondoa katika picha ya nyota. Anayekodi darubini ya mbali aghalabu hupewa picha hizo tayari. Si dhambi kuzipokea. Dhambi ni kuzipokea bila kujua ni nini, kisha kujisifu kwa usafi ambao hakujua ulikotoka. Mtu asiyejua kasoro za chombo chake hajui ukweli wa kazi yake, awe amekishika mkononi au amekikodi ng'ambo.

Kwa kipimo hiki mwalimu wetu aweza sasa kuwarudia wanafunzi wake. Mwanafunzi wa pili, ikiwa aliteua kitu kwa sababu, akahesabu saa ambayo Jabari hupanda juu ya mlima ule, akachagua vichujio akijua kila kimoja hupitisha nuru gani, akapokea picha mbichi na kuzifanyia kazi hatua kwa hatua, basi picha ni yake kweli, ingawa alilala. Lakini ikiwa alibonyeza kitufe na kupokea kitu kilichokamilika, alichofanya ni kununua picha. Kununua picha si aibu. Aibu ni kuandika chini yake kuwa nimepiga mimi. Mwanafunzi wa kwanza naye hapiti bila kuulizwa. Kukesha kwake ni sifa ikiwa kulimfunza.

Liko jambo la pili lifuatanalo na la kwanza: aijibiaye kazi yake hutaja mikono mingine iliyomo. Taarifa ya mwaka 1912 juu ya kanuni ya nyota ilitoka na sahihi ya mkuu wa kituo, Edward Pickering. Lakini Pickering alisema tangu mwanzo wa taarifa kuwa ilitayarishwa na Bi. Leavitt, na kwa neno hilo moja jina lake halikupotea. Katika siku zetu, Januari 2023, wapenda nyota watatu, Marcel Drechsler wa Ujerumani pamoja na Xavier Strottner na Yann Sainty wa Ufaransa, walitangaza kuwa wameona tao kubwa la gesi ya oksijeni karibu na Andromeda, ambalo wataalamu hawakuwa wameliona. Sainty alikesha nje na darubini ndogo, na picha ilijumlisha nuru ya zaidi ya saa 100. Wenzake walifanya kazi yao mbali naye. Picha hiyo ilipotunukiwa tuzo na kituo cha kale cha Greenwich mwaka huo huo, ilibeba majina yote matatu. Hapana aliyepungukiwa kwa kumtaja mwenzake.

Walakini haitakuwa haki kuificha hasara ya njia ya mbali. Aliyeagiza picha kutoka chumbani hakupata usiku. Hakuisikia baridi ikipanda, hakuiona Jabari ikichomoza imelala ubavu kama ilivyo desturi yake katika anga ya ikweta, hakungoja mpaka macho yake yalizoea giza na nyota zikaongezeka mbele yake. Mambo hayo hayaonekani katika picha, lakini hubaki ndani ya mtu. Wala si haki kuificha faida yake. Watoto wengi hukaa katika miji ambayo taa zake zimezifuta nyota, au hawana fedha za kununua hata kitako kimoja. Darubini mbili za Faulkes, moja Hawaii na moja Australia, zenye vioo vya mita 2, ziliundwa ili watoto wa shule waziongoze kutoka madarasani mwao. Kumwambia mtoto wa namna hiyo kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka ni kumfungia mlango kwa methali.

Wewe usomaye huenda hutapiga picha ya wingu la Jabari maisha yako yote. Lakini kesho utaandika insha, utafanya hesabu, utatoa ripoti. Na ziko mashine tayari kuzifanya kwa niaba yako, upesi na kwa usafi kukushinda. Swali litakalokungoja ni lile lile la maonyesho ya shule. Si lazima ukatae kila mkono ulio mbali, maana hapana aishiye kwa mikono yake miwili tu. Lakini kabla ya kuandika jina lako chini ya kazi, jiulize kama u tayari kusimama mbele ya atakayeiuliza, na kama umewataja walioshika fimbo pamoja nawe.

Na usiku mmoja mwangaza wa mwezi usipokuwapo, toka nje uitazame Jabari kwa macho yako tu. Hutapata picha ya kumwonyesha mtu. Lakini ukikodi siku moja darubini ya mbali, utajua umeielekeza wapi.